Barua ya wazi: Tunaomba Jumamosi ya pili ya kila mwezi katika Maktaba ya Mkoa wa Tanga

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania
Kwa Mkuu wa Maktaba ya Mkoa, Tanga
Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga na Afisa Utamaduni wa Jiji

YAH: MAZUNGUMZO YA WAANDISHI NA SHUGHULI ZA UTAMADUNI ZISIZO NA KIINGILIO

Waheshimiwa viongozi wetu,

Ombi letu ni hili. Jumamosi ya pili ya kila mwezi, kuanzia saa 4:00 hadi saa 5:30 asubuhi, Maktaba ifungue mlango kwa yeyote anayetaka kumsikiliza mwandishi, mshairi, mtambaji wa hadithi au wapigaji wa taarab asilia. Asidaiwe kiingilio wala kuulizwa kadi ya uanachama. Gharama ya Jumamosi hizo 12 iingie kwenye bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza. Kwa hesabu yetu ni shilingi 5,120,000 kwa mwaka, na mchanganuo wake tunautoa hapa chini.

Tumeiandika barua hii hadharani kwa sababu jambo lenyewe limegawanyika katika ofisi tatu. Maktaba iko chini ya Bodi, na Bodi iko Dar es Salaam. Mambo ya sanaa na vibali vyake yanapitia kwa Afisa Utamaduni. Shule, masoko na mbao za matangazo za kata ziko chini ya Jiji. Ofisi hizi zisipokaa pamoja, kila moja inaweza kusema kwa haki kabisa kwamba suala si lake, na mwandishi aliyetaka kuja akabaki hana wa kumjibu.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo shughuli nyingi za aina hii zinapofia. Shughuli isiyo na kiingilio lazima ilipiwe na mtu. Isipotengewa fungu, anayeilipia ni mwandishi mwenyewe: nauli yake, chakula chake, siku yake ya kazi, na vitabu anavyoombwa aache "kama kumbukumbu". Atakuja mara moja kwa mapenzi. Mara ya pili atakuwa na udhuru, na hatumlaumu.

Kwa mgeni anayetoka nje ya mkoa tumekadiria hivi. Nauli ya basi kwenda na kurudi Dar es Salaam, 60,000. Kulala usiku mmoja, 50,000. Chakula na bajaji, 30,000. Ujira wake, 200,000. Kahawa, kashata na maji kwa watu 60, 60,000. Kukodi viti 60 vya plastiki kwa 500 kila kimoja, 30,000. Mabango na karatasi, 40,000. Vifurushi vya simu, 10,000. Akiba ya dharura, 20,000. Jumla ni 500,000. Wageni wa namna hiyo wakija mara nne kwa mwaka, ni 2,000,000. Jumamosi nane zinazobaki ni za watu wa Tanga, Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto. Hao tumewaondolea nauli ya mbali na malazi, 110,000, ikabaki 390,000 kwa kila moja, yaani 3,120,000.

Mtaona kwamba ujira hatukuupunguza. Mshairi wa Makorora alipwe 200,000 ile ile anayolipwa mgeni wa Dar es Salaam. Tabia ya kumlipa wa mbali na kumpa wa karibu soda na shukrani ndiyo iliyowafanya watunzi wazuri wa hapa wajifungie kwao.

Na alipwe siku ile ile. Anayeshughulikia achukue masurufu, yaani fedha ya shughuli inayotolewa kabla, mapema wiki ile, mwandishi asaini Jumamosi kabla hajaondoka, kodi ya zuio ikatwe waziwazi kama ipo, na masurufu yarejeshwe wiki inayofuata yakiwa na risiti zake. Ahadi ya "tutakutumia" ikishavuka miezi miwili huenea kwa waandishi wengine haraka kuliko tangazo lolote mnaloweza kubandika.

Mgeni afike Ijumaa. Basi la Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita 350, na ni safari ya saa nyingi. Akisafiri asubuhi ya shughuli, pancha moja kabla ya Segera inatosha kuwaacha watu 60 wakitazama meza tupu. Ile 50,000 ya malazi ndiyo inayonunua uhakika wa kuanza kwa wakati, na ni kosa kuanza kubana bajeti kwa kuikata.

Kwa nini Jumamosi ya pili? Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, maduka yanachelewa kufunguliwa na watu wako mitaroni na mafagio. Jumamosi ya kwanza inakuja kabla ofisi hazijakamilisha malipo ya mwezi mpya. Ya pili inaacha wiki nzima ya kazi ya kukumbusha shule na kushughulikia masurufu. Ijumaa mchana haiwezekani, Jumapili asubuhi haiwezekani, na Jumamosi alasiri ni ya harusi. Saa 4:00 asubuhi mama ameshatoka sokoni Mgandini, mtoto hana shule, na saa 5:30 kila mtu ana muda wa kufika nyumbani kabla ya adhuhuri.

Jambo la maana kuliko saa yenyewe ni kwamba siku isihamishwe. Kukitokea kikao, kikao kitafutiwe chumba kingine. Tarehe ikisogezwa mara mbili, mwezi wa tatu hakuna anayeamini bango.

Kalenda nayo ina mitego yake. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, na ni wajibu wetu kumsoma kila Januari. Lakini siku ya kuzaliwa kwake ni Mwaka Mpya, sikukuu, milango imefungwa. Siku ya Kiswahili Duniani ni 7 Julai, nayo ni Sabasaba, tena sikukuu. Siku ya Vitabu na Hakimiliki, 23 Aprili, inaangukia katikati ya masika na siku tatu kabla ya Muungano. Ndiyo sababu ya kutofukuzana na tarehe hizo: Jumamosi ya pili ya Januari iwe ya Shaaban Robert, ya pili ya Julai iwe ya Kiswahili, na watu watazoea. Aprili na Mei msipange chochote uani wala barazani, mvua itawaaibisha. Ramadhani shughuli iendelee saa ile ile bila kahawa, na 60,000 ya vinywaji inunue vitabu. Mfungo Sita, maulidi yanapojaa mjini, ni mwezi wa kumwita mjuzi wa tenzi na kasida badala ya kushindana nayo.

Kuna mada za hapa hapa ambazo hazijawahi kukaliwa kitako inavyostahili. Gazeti la Kiongozi lilitolewa Tanga tangu 1904, katika shule ya Serikali ya Wajerumani. Kabla yake wamisionari wa Magila, Muheza, walikwisha kuwa na gazeti lao la Kiswahili. Hemedi bin Abdallah el-Buhry aliweka kwenye utenzi vita vya Wajerumani kuitwaa pwani ya Mrima, vita ambavyo Abushiri, kiongozi wa waliowapinga, alinyongewa Pangani Desemba 1889. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliifanya taarab ya Tanga isikike Afrika Mashariki nzima. Kila moja ya hizo ni asubuhi nzima ya mazungumzo, na wapo walimu wa historia na wazee wa mji huu wanaoweza kuiongoza bila nauli ya mbali.

Waandishi wa kuwaita si wa kutafutwa gizani. Bodi yenyewe ndiyo inayotoa namba za ISBN, namba za utambulisho wa vitabu, nchini, kwa hiyo kila anayejichapishia kitabu akiwa Chumbageni au Handeni amepita kwenye dawati lenu. Mkutubi wa Tanga aombe Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka orodha ya walioomba namba wakiwa na anwani za mkoa huu, kisha Maktaba iwaandikie wenyewe kuwaalika. Kwa wale wanne wa nje, waanze na washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa 2023. Vijana wa shule za sekondari za Usagara na Galanos wanahitaji kumwona mwandishi aliye hai, anayejibu maswali.

Kosa moja tunaliona mara nyingi mno: mwandishi anaitwa, kitabu chake hakipo. Watu wanakaa kumsikiliza mtu ambaye hawajasoma hata ukurasa wake mmoja, na maswali yanageuka kuwa "ulianza lini kuandika?" na "una ushauri gani kwa vijana?" Dawa yake ni nakala tano zinunuliwe wiki sita kabla, kutoka fungu la kawaida la ununuzi wa vitabu. Mbili zibaki rafu ya mbele ya Maktaba zikiwa na tarehe ya mazungumzo, tatu zizungushwe kwenye shule tatu, wiki mbili kwa kila darasa. Wanafunzi 15 waliosoma sura tatu wanabadilisha mazungumzo yote. Naye mwandishi aje na nakala 30 za kuuza, bei iandikwe kwenye karatasi mezani, awe na chenji na namba ya kulipia kwa simu. Maktaba isichukue kamisheni.

Sasa itifaki, na hapa tunasema kwa heshima. Tunaomba shughuli hii isiwe na mgeni rasmi. Mgeni rasmi akichelewa, watu wanamsubiri. Akifika, anatambulishwa, wanatambulishwa alioongozana nao, inasomwa risala, anahutubia, zinapigwa picha, na mwandishi aliyelala nyumba ya wageni ili asome anabakiwa na dakika kumi. Kiongozi yeyote anakaribishwa, atapewa kiti cha mbele na kahawa, na akiwa na swali atauliza kama wengine. Meza kuu isiwepo. Meza iwe moja, ya mwandishi na mwendesha mazungumzo.

Dakika 90 zigawanywe hivi: 5 za kukaribisha, 20 za kusoma, 25 za mazungumzo ya watu wawili, 30 za maswali, 10 za kununua na kusaini vitabu. Saa 4:00 ikigonga waanze, hata wakiwa 12. Wakichelewesha kwa kuwasubiri wengine, mwezi ujao wale 12 nao watakuja saa 4:30.

Mwendesha mazungumzo ndiye nguzo ya asubuhi yote. Awe amesoma kitabu mpaka mwisho, awe na maswali sita yaliyoandikwa, na ajue kunyamaza. Mwalimu wa fasihi wa sekondari mara nyingi anafaa kuliko mtangazaji, kwani mtangazaji amezoea kuziba kila kimya, na mwandishi akinyamaza kidogo ndipo huja jibu zuri.

Wakati wa maswali kipaza sauti kisiachwe mkononi mwa muulizaji. Mhudumu akishike mwenyewe amsogezee. Akikiachia, swali linakuwa hotuba, na hotuba ya kwanza inazaa ya pili. Pia vigawiwe vikaratasi na penseli mlangoni. Wasichana wengi, na wazee wasiosikia vizuri, hawasimami kuuliza mbele ya watu, lakini wataandika, na maswali ya vikaratasi mara nyingi ndiyo makali zaidi. Nusu ya maswali yatoke huko. Tunaomba pia maswali yasikaguliwe kabla. Sharti moja linatosha: Maktaba si jukwaa la kampeni ya chama chochote, na mwendeshaji alitaje mwanzoni.

Kuhusu chumba, jengo la Maktaba lilijengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George VI, na waliolijenga walifikiria kusoma kwa kimya. Kuta ngumu na sakafu ngumu zinarudisha sauti, na feni zinakula inayobaki. Watu 60 hawahitaji spika mbili kubwa za harusi. Spika moja ndogo yenye betri inayochajiwa inatosha, na umeme ukikatika haizimiki. Iwekwe mbele ya msemaji, ikitazama watu. Ikikaa nyuma yake, sauti inarudi kwenye kipaza na kuleta ule mluzi unaowafanya watu wazibe masikio. Vipaza viwe viwili, kimoja cha mezani na kimoja cha maswali, na betri za akiba ziwe droo ya mkutubi. Kifaa hicho kinunuliwe mara moja tu kwa fungu la vifaa, hatukukihesabu kwenye zile milioni tano. Viti vipangwe nusu duara, safu nne za 15, mikeka mbele kwa watoto, njia ya mita moja na nusu katikati kwa kiti cha magurudumu.

Viti vya kusomea visiguswe. Wanafunzi wanaojiandaa na mitihani ndio wateja waaminifu kuliko wote wa Maktaba, hasa Aprili kwa kidato cha sita na Oktoba kwa kidato cha nne. Kuwaondoa mezani ili kupisha shughuli ni dhuluma, na watakuwa na haki ya kuichukia. Kwa hiyo tumehesabu viti vya kukodi, na kwa hiyo tunaomba shughuli iwe uani, au kwenye chumba chenye mlango wa kufunga wakati wa mvua. Ikishindikana Aprili na Mei, Jiji litupatie ukumbi wa shule iliyo karibu, na bango la Maktaba liende huko.

Mambo madogo yanayoharibu: ufunguo wa choo ukae kwa mtu aliyepo Jumamosi. Mabegi yapokelewe na watu wawili, maana mmoja akipokea ya watu 60 foleni itafika barabarani. Maji ya kunywa yawepo. Kahawa asiipike mtumishi. Aitwe muuza kahawa wa kijiweni na dele lake, alipwe kwa jumla, naye atakuwa ametangaza kijiweni kwake wiki nzima bila kuombwa.

Mara tatu kwa mwaka asubuhi iwe ya watoto, na ipunguzwe iwe dakika 45. Atafutwe bibi au babu anayejua kutamba, si kusoma karatasi. Paukwa ikiitikiwa pakawa na watoto 40, hadithi mbili zinatosha. Ya tatu wataanza kukimbizana. Hadithi moja ikitoka kwa Wadigo, nyingine itoke kwa Wabondei, Wazigua, Wasegeju au Wasambaa, zote zisimuliwe kwa Kiswahili na nyimbo zake zibaki katika lugha yake.

Taarab iwe mara moja kwa mwaka, na iwe ya watu wanne tu: udi, fidla, dumbaki na mwimbaji. Ile 200,000 igawanywe 50,000 kwa kila mmoja. Kinanda cha umeme kitazidi chumba. Kutunza kusiwepo, kwani watu wakianza kuinuka na noti, wanaoeleza maana ya mashairi hawatasikika, na asubuhi hiyo mashairi ndiyo shabaha. Hapa Afisa Utamaduni anaweza kutusaidia sana kwa kutoa kibali kimoja cha mwaka mzima chenye tarehe zote 12 badala ya kufuatilia muhuri kila mwezi.

Kurekodi kunahitaji makubaliano ya karatasi moja kabla. Mwandishi akubali dakika ngapi zirekodiwe. Sura nzima ikisomwa na kusambazwa WhatsApp, kitabu chake hakitauzika. Tunashauri mazungumzo na maswali yarekodiwe yote, usomaji dakika tano tu. Nakala ya sauti ibaki Maktaba ikiwa na jina, tarehe na kitabu kilichozungumzwa, na redio za hapa zipewe bure kwa sharti la kutaja Jumamosi ijayo.

Matangazo yaanze wiki nne kabla. Mabango 20 yanatosha yakiwekwa mahali pake: soko la Mgandini, stendi ya Kange, Tangamano, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, misikiti na makanisa yatakayokubali, na kila shule ya sekondari. Herufi kubwa kuliko zote ziwe za HAKUNA KIINGILIO, halafu siku na saa, halafu jina. Watu wengi hawajawahi kuingia Maktaba kwa kuamini kwamba mlangoni watadaiwa kitu. Siku mbili kabla, ujumbe mfupi uende kwa walimu. Bango la siku moja kabla ni karatasi iliyopotea.

Mwisho wa kila shughuli msituletee picha za viongozi. Hesabuni watu mlangoni kwa vistari: watoto, wanawake, wanaume, na waliokuja mara ya kwanza. Baada ya wiki mbili hesabuni vitabu vya mwandishi yule vilivyoazimwa na wanachama wapya walioandikishwa. Namba hizo sita zibandikwe ubaoni. Baada ya mwaka tutajua wote ni asubuhi zipi ziendelee.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na maoteo ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Tunaomba ofisi tatu zikutane mara moja mwaka huu, kabla maoteo hayajafungwa, na ziamue nani anabeba kipi: kwa pendekezo letu, Bodi ujira na vitabu, Jiji nauli, malazi na matangazo, Maktaba chumba na watumishi wawili. Kwa upande wetu tutaleta mikeka, wahudumu wanne wa kujitolea kila Jumamosi, na waendesha mazungumzo watatu wa kupokezana. Jibu lenu, likiwa la kukubali au la kukataa, tunaomba libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa Maktaba pamoja na tarehe ya shughuli ya kwanza kama ipo.

Ni sisi,
Wasomaji, walimu na watunzi wa mashairi wa Jiji la Tanga